Mzee Wenceslas Anaiaga Meza ya Wasafiri

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2002, Mzee Wenceslas Nzabonimana anastaafu baada ya kufanya kazi miaka thelathini na miwili, miezi mitatu na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo si yangu, ni yake. Mimi nilihesabu mara mbili nikapata majibu mawili, ndipo akachukua kalamu akanimalizia, kama alivyonimalizia kazi nyingine nyingi tangu aliponipokea ofisini.

Kamati ya sherehe ilinichagua niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye meza moja, na kwa sababu wageni wetu wengi leo wanatoka Bukavu, na Kiswahili changu ni kizuri kuliko Kinyarwanda changu. Walinipa sharti moja tu: nisimtaje mume wangu zaidi ya mara mbili. Nimefunga ndoa siku thelathini na nne zilizopita, na inaonekana wenzangu wamechoka kunisikia. Nilikubali sharti hilo bila kufikiri. Nilipokaa kuandika nikagundua kwamba huwezi kueleza kazi ya Mzee Wenceslas bila kumweleza Donatien wangu. Kamati inisamehe. Sharti limevunjika na bado tuko ukurasa wa kwanza.

Mzee alizaliwa Nkanka, upande wa Rwanda, kando ya ziwa, mwaka 1942. Familia yake ilivukia Kongo akiwa kijana. Tarehe 2 Machi 1970 Masista walimwajiri katika zahanati yao ya Bukavu kama mfagiaji. Mwaka uliofuata aliyekuwa akiandika fishi, zile kadi za wagonjwa, alihamia Kinshasa, na Mzee akaombwa ashike kalamu wiki moja mpaka apatikane mwingine. Huyo mwingine hajapatikana hadi leo.

Mwishoni mwa 1994 Masista walipofungua tena kituo chetu cha afya hapa Kamembe, Rwanda, yeye alikuwa wa kwanza kurudi. Walikikuta hakina milango, hakina vitanda, na wengi waliokuwa wakifanya kazi humu hawakuwepo tena. Majina yao tunayasoma kila mwaka mwezi wa nne, na ni Mzee anayeyasoma, kwa sababu ni yeye aliyetembea nyumba hadi nyumba kuyakusanya ili lisisahaulike hata moja.

Kazi iliyomfanya ajulikane pande zote mbili za Rusizi, mto unaotenganisha Rwanda na Kongo, ni ile meza ndogo mnayoiona mkiingia, iliyoandikwa kwa rangi ya bluu: WASAFIRI. Wote tuliolelewa huku tunajua shida yenyewe. Mfanyabiashara anavuka asubuhi na jeton, kile kikaratasi cha siku moja, na anatakiwa arudi kabla daraja halijafungwa saa kumi na mbili jioni. Lakini malaria haina saa. Muntu akiangushwa na homa sokoni Kamembe, akalazwa kwetu, kesho yake jeton imekufa na yeye amekuwa mgeni asiye na karatasi, mwenye serumu, yaani dripu, mkononi. Wengine walikuwa wanang'oa sindano na kukimbilia daraja wakiwa hawaoni mbele. Na Wanyarwanda waliougulia Bukavu walikuwa wanafanya vilevile kuja huku. Mzee, ambaye aliishi ugenini miaka mingi kuliko aliyoishi kwao, aliona kwamba watu hawa hawakuwa wanakimbia dawa. Walikuwa wanakimbia kuonekana wametoroka.

Basi mwaka 1997 alianzisha mambo mawili. La kwanza ni swali. Kabla ya jina, kabla ya kuuliza ni wapi panapouma, Mzee anauliza: "Kule, nani anakungojea?" Na jibu analiandika daftarini kama lilivyotoka mdomoni, bila kulirekebisha. Tuna madaftari kumi na moja ya majibu hayo. "Muke yangu na mama yake, zaidi mama yake." "Hakuna muntu, ni imbwa tu." "Nyanya zangu ziko kwa jua." Na mbwa alipata chakula, na nyanya zilipata wa kuziuza, kwa sababu Mzee alikuwa anatuma habari kwa akina mama wanaovuka, na akina mama wa daraja letu wanafika haraka kuliko simu.

La pili ni karatasi. Ilikuwa na maneno machache kwa Kiswahili, na chini yake hayohayo kwa Kinyarwanda na Kifaransa: "Huyu ni mgonjwa wetu. Ana homa. Hakutoroka, hakuiba, amelala. Akipona atarudi." Halafu muhuri na sahihi. Maofisa wa upande huu na wa ule waliizoea, wakaiheshimu hata siku ambazo mizinga ilikuwa inasikika. Wafanyabiashara waliipa jina: karatasi ya amelala.

Ndipo nilipofika mimi, Januari 2000, nikiwa na diploma ya sekondari, sehemu ya lugha, na Kifaransa ambacho nilitaka dunia nzima ikione. Wiki ya kwanza nilimpeleka bibi wa miaka sitini na minane kutoka Nzahaha moja kwa moja kwenye chumba cha wajawazito. Alikuwa amesema ana shida ya "inda", na mimi niliyekulia Bukavu nilijua neno hilo kwa maana ya mimba tu, kumbe ni tumbo pia. Bibi alikaa pale asubuhi nzima katikati ya wasichana wenye mimba, akifurahia mazungumzo. Tumbo lake lilipona kwa kidonge cha minyoo. Mzee alicheka mpaka akavua ile kofia yake ya sufu yenye kishada, ambayo haivui hata kiangazi, kisha akaniandikia maneno ishirini ya maumivu kwa Kinyarwanda na kuyabandika mbele yangu ukutani. Bado yapo, na bado ninayaangalia.

Sasa nieleze kosa langu kubwa, kwa maana ndilo lililoonyesha Mzee Wenceslas ni nani.

Jumanne tarehe 10 Oktoba 2000 Mzee alikuwa kwenye mazishi Nzahaha, akaniachia meza na muhuri. Saa nne asubuhi akaletwa kijana wa Bukavu aliyeanguka na mzigo wake wa vitenge karibu na gereji. Jina lake Donatien Birindwa. Alikuwa amejikunja kama mkufu uliodondoka, jasho linamtoka, na hata hivyo alikuwa mzuri kiasi kwamba niliandika tarehe ya kuzaliwa kwenye nafasi ya anwani. Niliuliza swali la Mzee, ingawa wakati ule nililiona la kitoto. Donatien alijibu huku anauma meno, nami nikaandika. Daktari Mbarushimana akampapasa tumbo, akasema tumlaze na tumwangalie mpaka kesho.

Ilibaki karatasi ya daraja. Niliiangalia ile ya Mzee, "hakutoroka, hakuiba, amelala", nikaona aibu kwa niaba ya kituo. Nikaiweka pembeni, nikachukua karatasi safi, na kwa mwandiko wangu bora nikaandika: "Monsieur BIRINDWA Donatien, sujet congolais, est retenu en observation par nos services."

Niligonga muhuri mara mbili, kwa furaha. Nilimkabidhi Christelle, mfanyabiashara mwenzake, aipitishe darajani na kuifikisha kwa mama yake Donatien.

Nilichotaka kusema ni kwamba Donatien amelala kwetu na daktari anamwangalia. Lakini isomeni kama muntu wa Bukavu wa mwaka ule, katikati ya vita. Retenu: ameshikwa. En observation: anapelelezwa. Par nos services: na watu wa usalama, wale ambao hatuwataji kwa sauti. Ofisa wa darajani aliisoma, akamrudishia Christelle kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Kufika jioni, soko zima la Kadutu, kule Bukavu, lilikuwa linajua kwamba Donatien amekamatwa Rwanda kwa upelelezi. Mdogo wake Mulume alikimbilia huko Walungu, mbali na mji. Mama yake, Maman Odette, alifunga mlango kwa ufunguo na kwa meza.

Jumatano asubuhi Christelle alirudi, akasimama nje ya dirisha la wodi, na kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona akasema, "Donatien! Kadutu muzima inajua! Usiseme kitu! Usisaini kitu!" Wagonjwa wawili wa Bukavu waliokuwa vitanda vya jirani walisikia, wakaangaliana, na kabla ya saa tatu vitanda vyao vilikuwa vitupu.

Saa hiyohiyo Daktari aliingia kumwambia Donatien kwamba ni apandisiti, yaani kidole tumbo, inakaribia kupasuka, na ni lazima apasuliwe leo kabla ya usiku. Donatien akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Hapana gusa. Munatafuta nini mu tumbo yangu?"

"Ninatafuta apandisiti, Papa, sitafuti siri," Daktari akasema.

"Njo vile munasemaka siku zote. Muniletee mama kwanza. Mama akisema nisaini, nitasaini."

Daktari akabembeleza, sista akabembeleza, hata mimi nilibembeleza, jambo lililoharibu zaidi, kwa sababu alitambua kwamba ni mimi niliyeandika. Hatuwezi kumpasua muntu mzima mwenye akili timamu anayekataa. Na mama yake, mtu pekee ambaye angeweza kumbadilisha, alikuwa ng'ambo, amejifungia, akiamini kwamba yeyote atakayegonga anakuja kumkamata yeye pia.

Mzee alirudi kutoka Nzahaha saa saba, na matope ya barabara bado yako kwenye suruali. Nilimweleza yote nikilia. Aliomba niandike tena mbele yake sentensi yangu ya Kifaransa. Akaisoma. Ninamnukuu kamili, kwa sababu ndilo karipio pekee nililowahi kupata kwake: "Benitha, Kifaransa yako ni muzuri sana. Ila muntu anaogopa." Kisha akachukua daftari la wasafiri kwapani, akavuka.

Yaliyotokea kule nimesimuliwa na Maman Odette mwenyewe, mara nyingi, na kila mara mlango unakuwa mzito zaidi. Mzee aliulizia nyumba Kadutu nzima mpaka akaipata, akagonga. Akagonga tena.

"Nani?"

"Ni Wenceslas, Maman. Natoka Kamembe, kwa kituo ya afya."

"Uko wa service gani?"

"Service ya fishi, Maman."

"Bamekutuma unikamate na miye?"

"Uniangalie kwa dirisha. Muntu wa kukamata batu anakuya na kofia kama hii?"

Maman Odette alichungulia, akaona kishada, akasita, lakini mlango haukufunguka. Alisema batu wa service wana akili, wanaweza kuvaa kofia yoyote. Mzee hakubishana. Alikaa chini kwenye ngazi, akafungua daftari, akamsomea kwa sauti yale niliyoandika chini ya swali lake siku iliyotangulia: "Mama Odette. Na umwambie Mulume asiguse redio yangu."

Ndani pakasikika meza inaburutwa.

"Njo yeye!" Maman Odette akatoka, kitambaa cha kichwa mkononi. "Huyo ni Donatien kabisa. Anataka kukufa na anawaza redio!"

Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Wao wawili, miaka yao ukiijumlisha ni mia moja na kumi na tano, waliteremka hadi Rusizi wakikimbia na kutembea kwa zamu. Pale darajani ofisa alimzuia mama kwa sababu hakuwa na jeton, na za siku ile zilikuwa zimekwisha kutolewa. Mzee akapiga goti, akaweka daftari juu yake, akaanza kuandika karatasi ya amelala. Ofisa akamtazama mama mzima anayehema.

"Mzee, huyu anaugua nini?"

"Anaugua mutoto wake."

Ofisa aliinua kizuizi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi daraja lifungwe.

Maman Odette aliingia wodini, akamwangalia mwanawe, akaangalia vitanda, chupa za serumu, sista, Daktari, na mimi. Alihakikisha hapana bunduki hata chini ya kitanda. Ndipo akampiga Donatien kofi dogo la shavuni na kusema, "Saini, wewe! Ulizaliwa na akili, uliiacha wapi?" Donatien akasaini. Daktari Mbarushimana alimpasua saa ileile, na akatuambia baadaye kwamba ile apandisiti ilikuwa haina tena saa mbili za kungoja.

Mzee hakuripoti kwa Masista kwamba ni mimi. Aliandika kwenye ripoti: "Kosa la ofisi." Adhabu yangu aliitoa mwenyewe: nimpelekee mgonjwa chai na kumwomba radhi. Ilikuwa radhi ya dakika tano. Niliiomba siku tisa. Siku ya kumi Donatien aliruhusiwa kwenda nyumbani, akasimama mbele ya meza yetu na karatasi yake ya kutoka, akaniomba nimwandikie kwa Kifaransa kilekile kwamba ameshikwa. Nilidondosha wino. Mzee alivuta kofia ikamfunika macho, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka tulipomaliza.

Toka siku hiyo akaongeza kanuni moja, na ninaamini ndiyo itakayobaki hapa muda mrefu kuliko kuta. Karatasi yoyote inayotoka kwetu kwenda ng'ambo, kabla ya muhuri, inasomwa kwa sauti mbele ya Maman Védastine anayeuza maparachichi mlangoni. Maman Védastine hajasoma hata darasa moja. Akielewa, tunagonga muhuri. Akikunja uso, tunaandika upya. Mwaka wa kwanza alinirudishia karatasi arobaini na tatu. Moja aliirudisha kwa kusema tu, "Hii inaniogopesha, sijui kwa nini." Nilipoiangalia tena nikakuta nimeandika "évacué", yaani amehamishwa kwa dharura, kwa mgonjwa aliyekuwa anarudi nyumbani mzima.

Mafanikio yake mengine nayataja kwa ufupi, kwa kuwa hapendi yatajwe. Ni yeye aliyewashawishi wauguzi wa Bukavu na wa kwetu wakubali kadi moja ya kisukari, ili mama anayeuza samaki apate dawa yake popote siku inapomkuta. Ni yeye aliyepanga chanjo za kipindupindu zitolewe asubuhi sana, karibu na daraja, ili mtu asipoteze siku yake ya soko. Mwaka jana watu mia nne na kumi na wawili walilazwa nje ya nchi yao, kwetu au kule, wakiwa na karatasi yake. Hakuna hata mmoja aliyefungwa kwa ajili ya kuugua. Tangu Oktoba 2000 hakuna aliyeng'oa sindano akakimbia.

Kuanzia Jumatatu meza ni yangu. Nimeiogopa wiki nzima. Nilimwambia Mzee kwamba siku moja nitakosea tena na yeye hatakuwepo kuvuka. Alisema ndiyo, nitakosea, na kwamba nimeolewa na familia ya Bukavu kwa hiyo sasa nina mahali pa kulala nikichelewa daraja. Nililia kidogo. Siku hizi ninalia kwa kila kitu. Wenzangu wanasema ni ndoa.

Mzee anarudi Nkanka. Anasema atalima maharage, atavua samaki wadogo, na hatajaza fishi hata moja. Masista wanamshukuru, Daktari Mbarushimana anamshukuru, na wauguzi wa Bukavu wametuma akina mama sita na sanduku la vitu ambavyo nimekatazwa kuvitaja kabla ya sherehe. Kutoka kwa watu wote waliougua mbali na kwao, wakapona, wakarudi mlangoni kwao wakiwa na heshima yao: asante, Mzee.

Na kutoka kwangu ninaongeza neno moja. Ninamaliza kuandika haya Jumapili mchana, nyumbani kwetu. Donatien amelala kwenye kiti baada ya kula, mdomo wazi, shati limepanda, kovu lake dogo linaonekana, na anakoroma kiasi kwamba kuku wa jirani wamehama. Dada zangu wananihurumia. Wananiambia nimgeuze ubavu. Mimi simgeuzi. Ninakaa hapa na kalamu yangu ninamsikiliza akivuta pumzi na kuitoa, kuivuta na kuitoa, na ninajua ni nani aliyekwenda kukaa kwenye ngazi ya watu ili pumzi hiyo iendelee.

Ukae salama Nkanka, Mzee wetu. Usingizi uwe mzito, maharage yaote, na afya ikuzoee kama sisi tulivyokuzoea.

Benitha Umuhire
Meza ya Wasafiri, Kamembe